Dreja Inapoacha Kutoa Mchanga: Kusoma Dalili Kabla ya Kufungua Pampu

Mchanga unapopungua kwenye ncha ya bomba la dreja, yaani chombo kinachochimba sakafu iliyo chini ya maji, lawama ya kwanza huiangukia pampu. Kazi husimamishwa, mfuniko hufunguliwa, na baada ya saa kadhaa mafundi huikuta impela, yaani gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, ikiwa safi, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye mdomo wa kufyonza au nusu kilomita nyuma, ndani ya bomba linaloelea. Sehemu za dreja zinazochoka haraka ziko ama chini ya maji ama ndani ya chuma, hivyo fundi huzijua kwa dalili zake tu, na dalili hizo hazisomeki vizuri mpaka zisomwe kwa pamoja.

Maelezo haya yanahusu zaidi dreja ya kukata na kufyonza, yaani chombo chenye kichwa cha meno kinachozunguka kwenye ncha ya mkono, pampu inayofyonza kile kichwa kilichokata, nguzo mbili nyuma za kukishikilia chombo, winchi mbili za kukipeleka kulia na kushoto, na bomba la kupeleka mchanga hadi nchi kavu. Ni aina moja na Mashhour, dreja ya Mamlaka ya Mfereji wa Suez iliyochimba kuzunguka omo ya Ever Given, meli ya makontena iliyokwama mferejini humo, mwezi Machi 2021 hadi meli hiyo ikaelea tena tarehe 29. Meli zenye tangi, zinazochimba huku zikisafiri, nimeziweka mwishoni.

Geji mbili

Geji ya ombwe hukaa kwenye bomba la kufyonza, karibu kabisa na pampu, na huonyesha pampu inavuta kwa nguvu kiasi gani. Geji ya presha hukaa upande wa pili, mara tu baada ya pampu, na huonyesha upinzani unaoukabili mchanganyiko wa maji na mchanga hadi mwisho wa bomba. Ukiitazama moja peke yake utadanganyika, kwani ombwe kubwa linaweza kuwa ishara ya kazi nzuri au ya mdomo ulioziba, na ni presha inayosema ni lipi kati ya hayo mawili.

Kabla ya kuziamini, zipime zenyewe. Kibomba chembamba kinachounganisha geji na bomba kubwa huziba kwa mchanga mara kwa mara, na geji ya namna hiyo huendelea kuonyesha tarakimu ya jana. Pampu ikisimama na mshale ukabaki palepale, kisafishe kibomba kwa maji safi kabla ya kutafuta ugonjwa mwingine. Pili, kila dreja iwe na kumbukumbu ya maji matupu: inua mdomo kutoka sakafuni, endesha pampu kwa mizunguko ya kazi, kisha andika ombwe, presha, mizunguko ya injini, mzigo wa injini na urefu wa bomba la siku hiyo. Bila tarakimu hizo maneno "imepanda" na "imeshuka" hayana maana, na huu ndio upungufu ninaouona kuwa wa gharama kubwa kuliko wowote katika vyombo vidogo, ingawa kuuondoa hakuhitaji chochote zaidi ya daftari.

Ombwe limepanda, presha imeshuka

Pampu inavuta, lakini kinachoingia ni kidogo. Chanzo cha kawaida ni mdomo uliofukiwa: ukuta wa mchanga mbele ya kichwa umeporomoka kwa wingi, au opereta ameshusha mkono kwa pupa. Inua mkono kwa nusu mita hadi mita moja, uache pampu ivute maji. Ombwe likirudi kwenye tarakimu ya maji matupu, hakuna kilichoharibika. Punguza unene wa mkato na uendelee.

Ombwe likibaki juu hata mdomo ukiwa katika maji matupu, kuna kitu kimekwama kati ya mdomo na geji. Bandarini huwa ni kamba za nailoni, matairi na vipande vya waya; kwenye Ziwa Victoria, pamoja na maeneo ya mchanga ya Lwera upande wa Uganda, kuna pia nyavu zilizotupwa na mizizi ya magugu maji, ambayo hujisuka kwenye wavu wa mdomo hadi ukawa kama umeshonwa. Baadhi ya mafundi husimamisha pampu ili maji yaliyo kwenye bomba la kutolea yarudi nyuma na kukisukuma nje kilichokwama. Njia hiyo hufanya kazi pale ambapo bomba limepanda juu ya usawa wa pampu, lakini maji yanayorudi huizungusha impela kinyume, na impela iliyofungwa kwa hesi kwenye shafti inaweza kufunguka. Soma kitabu cha pampu yako kwanza.

Kuna chanzo kimoja kinachowasumbua hata wazoefu. Mpira unaounganisha bomba la mkono na bomba la ndani ya chombo unaweza kubanduka tabaka lake la ndani huku nje ukionekana mzima kabisa. Pampu inapovuta kwa nguvu, tabaka hilo hujikunja na kuziba njia. Pampu ikisimama, hurudi mahali pake, na mkaguzi haoni kitu. Dalili yake ni kwamba ombwe liko sawa kwa mizunguko midogo, kisha hupanda ghafla mizunguko inapoongezwa, hata kama mdomo uko katika maji matupu. Mpira huo ufunguliwe na kukaguliwa kwa ndani kwa mkono na tochi.

Ikilazimu kufungua mfuniko wa ukaguzi wa pampu, kumbuka kwamba katika dreja nyingi pampu imekaa chini ya usawa wa maji ya nje. Kufungua mfuniko huo huku njia ya kufyonza ikiwa wazi ni kuikaribisha bahari ndani ya chumba cha mashine, na dreja ndogo haichukui muda mrefu kuzama. Valvu ya kufyonza ifungwe, au mkono uinuliwe hadi mdomo uwe juu ya maji; valvu ya upande wa kutolea nayo ifungwe; injini izimwe na swichi yake ifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa anayeingiza mkono. Mfuniko ulegezwe nati mbili kwanza, na ikiwa maji yanayotoka hayaishi, ukazwe tena mara moja.

Ombwe limeshuka, presha imepanda

Hapa kizuizi kiko mbele ya pampu, kwenye bomba la kutolea. Mtiririko umepungua, hivyo pampu haivuti sana, lakini inasukuma dhidi ya ukuta wa mchanga.

Mchanga husafiri ndani ya bomba kwa sababu maji yana kasi ya kuubeba. Kasi ikipungua chini ya kiwango fulani, chembe huanza kulala chini ya bomba. Njia hubanwa, msuguano huongezeka, mtiririko huzidi kupungua, na ndani ya dakika chache bomba limeziba. Kwa mchanga wa kati katika bomba la kipenyo cha milimita 500, kiwango hicho huwa takriban mita 3 hadi 5 kwa sekunde kutegemea ukubwa wa chembe, na kwa matope laini ni kidogo zaidi. Bomba la kipenyo hicho likiwa na kasi ya mita 4 kwa sekunde hupitisha karibu mita za ujazo 2,800 za mchanganyiko kwa saa. Anayeunganisha mita 500 zaidi za bomba bila kuongeza nguvu ya pampu, au bila pampu ya kusaidia njiani, anaipunguza kasi hiyo na kujitengenezea kizuizi mwenyewe.

Inua mkono mara moja, upeleke maji matupu, na usipunguze mizunguko. Kufunga valvu ghafla au kuzima pampu kwa hofu ni hatari: ndani ya kilomita 2 za bomba la milimita 500 kuna mita za ujazo karibu 390 za mchanganyiko, yaani zaidi ya tani 450 zinazosafiri, na uzito huo ukisimamishwa kwa mpigo hupasua viungo. Presha ikianza kushuka polepole na ombwe likapanda kuelekea kawaida, mchanga unasogea. Isiposhuka, tafuta mahali palipoziba. Katika sehemu inayoelea, maboya huzama zaidi pale mchanga uliporundikana, na jicho la mtu aliye kwenye mtumbwi hutosha kuliona hilo. Nchi kavu, gonga bomba kwa nyundo hatua kwa hatua na usikilize: bomba lililojaa mchanga hutoa sauti butu. Anza na maeneo ambapo bomba linashuka kwenda sakafuni au kupanda kutoka humo, kwa kuwa pampu ikizimika mchanga wa kwenye mteremko huteleza na kujikusanya chini kama kizibo, ilhali kwenye sehemu tambarare hulala tu na kuacha nafasi ya maji kupita juu yake.

Ndiyo maana bomba husafishwa kwa maji matupu kabla ya kila kusimama. Kwa kilomita 2 na kasi ya mita 4 kwa sekunde, maji huhitaji sekunde 500, yaani zaidi ya dakika 8, kufika mwisho. Opereta anayesafisha kwa dakika 3 kwa sababu ya haraka ya chakula cha mchana ameacha zaidi ya nusu ya bomba likiwa na mchanga.

Zote mbili zimeshuka

Hali hii ina vyanzo vingi, nayo ndiyo inayowafanya watu wakimbilie kufungua pampu. Tazama mizunguko kwanza. Presha ya pampu ya aina hii hufuata mraba wa mizunguko, kwa hiyo mizunguko ikishuka kwa asilimia 10, presha hushuka kwa karibu asilimia 19. Kichujio cha dizeli kilichoziba kinaweza kujifanya pampu mbovu.

Mizunguko ikiwa sawa, angalia jinsi mishale inavyotembea. Mishale inayorukaruka, pamoja na bomba linalotema kwa vishindo mwishoni, huashiria hewa. Hewa huingia kwenye gasketi za flenji, kwenye gilandi ya shafti (kizibo kinachozuia uvujaji pale shafti inapoingia kwenye pampu) au kwenye tundu lililotobolewa na mchanga, lakini haiwezi kuingia kupitia kiungo kilicho chini ya maji. Kwa hiyo kama tatizo hutokea mkono ukiwa juu na kutoweka mkono ukishushwa, tafuta kwenye viungo ambavyo huzama na kuibuka. Kama lipo wakati wote, tafuta kwenye viungo vilivyo juu ya maji daima, na gilandi iwe ya kwanza: maji yake ya kuisafisha yawe na presha ya kutosha.

Hewa inayovuja hufanana sana na gesi inayotoka sakafuni. Matope yenye majani na mizizi iliyooza, kama yale ya kwenye vijito vya mikoko na ghuba za ziwa, yana viputo vya methani. Viputo hivyo vikifika mahali penye ombwe hutanuka mara kadhaa na kuijaza pampu gesi. Vitenganishe kwa jaribio moja: inua mdomo uvute maji matupu. Mrukoruko ukiisha, ilikuwa gesi, na dawa yake ni kupunguza kasi ya kuchimba au kufunga mtambo wa kuondoa gesi kabla ya pampu. Ukiendelea, una uvujaji.

Mishale ikiwa imetulia lakini iko chini, yamebaki mambo mawili. Impela iliyokwama jiwe au gogo hushusha geji zote mbili kwa ghafla, kwa sababu kizuizi kiko baada ya geji ya ombwe na kabla ya geji ya presha. Mara nyingi chombo hutetemeka, kwani impela imepoteza uwiano. Impela iliyoliwa na mchanga hushusha tarakimu polepole kwa wiki nyingi. Linganisha na kumbukumbu ya maji matupu ya wakati impela ilipokuwa mpya, kisha pima nafasi kati ya impela na bamba la mbele. Katika hali hizi mbili pekee pampu inastahili kufunguliwa.

Zote mbili zimepanda, au injini inalemewa

Geji zote zikipanda pamoja huku mtiririko ukiendelea, unapeleka mchanganyiko mzito. Ni kazi nzuri inayokaribia hatari: punguza mwendo wa winchi kidogo, usiinue mkono kwa ghafla.

Kinachowashangaza wengi ni injini kulemewa wakati presha iko chini. Bomba limepasuka au limeachana karibu na chombo, au kazi imehamia mahali ambapo bomba ni fupi. Mtu angetegemea kwamba njia fupi ingeipunguzia injini mzigo, lakini pampu ya kuzungusha hudai nguvu nyingi zaidi kadiri inavyopitisha maji mengi. Ombwe hupanda pia, kwa sababu mtiririko ni mkubwa. Ikiwa bomba ni zima, punguza mizunguko au bana mwisho wa bomba kwa kipande chenye kipenyo kidogo.

Pampu inanguruma kama imejaa kokoto

Ikiwa ndani hamna kokoto, ni kavitesheni: presha kwenye mlango wa impela imeshuka mno hadi maji yakageuka viputo vya mvuke, na viputo hivyo vinapobomoka hung'oa chuma kidogo kidogo. Ombwe huwa juu kabisa, presha hutetereka, na uzalishaji hushuka ingawa mdomo hauna kizuizi.

Hesabu yake ni rahisi na inapaswa kufanywa kabla ya kutia saini mkataba unaotaja kina cha kuchimba. Hewa ya angani huyasukuma maji kwa nguvu inayolingana na nguzo ya maji ya takriban mita 10, na hiyo ndiyo hazina yote ya pampu iliyo kwenye usawa wa bahari. Ukichimba kina cha mita 20 kwa mchanganyiko wenye tani 1.3 kwa mita ya ujazo, huku maji ya bahari yana tani 1.025, tofauti ya 0.275 ikizidishwa kwa 20 hula mita 5.5. Zilizobaki zitumike kuupa mchanganyiko kasi, kushinda msuguano wa bomba na mdomo, na kuacha akiba ambayo pampu yenyewe huihitaji. Hazitoshi. Opereta atalazimika kuvuta mchanganyiko mwepesi, na hapo si yeye mwenye kosa wala pampu. Ufumbuzi wa kudumu ni pampu iliyofungwa kwenye mkono, chini ya maji, ambako uzito wa bahari yenyewe huisaidia.

Kichwa, winchi na nguzo

Kichwa kikilemewa huku ombwe likiwa chini, kata zake, yaani mabapa yanayobeba meno, zimejaa udongo wa mfinyanzi. Kiinue, kizungushe katika maji matupu hadi kijisafishe, halafu kata vipande vyembamba zaidi. Kazi ikiwa ya mfinyanzi kwa miezi, badilisha kichwa kwa chenye kata chache na nafasi pana. Kichwa kikigonga na chombo kizima kutikisika, umefika kwenye mwamba. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina mwamba wa matumbawe chini ya tabaka jembamba la mchanga katika sehemu nyingi, na meno mapana yanayofaa mchanga huko huvunjika au huishia kusugua tu. Mwamba hutaka meno yaliyochongoka, na mzigo wa kuyabadilisha kila zamu uingizwe kwenye bajeti mapema.

Kichwa huzunguka upande mmoja siku zote, lakini chombo huenda kulia na kushoto. Kwa hiyo katika upande mmoja meno huuma udongo vizuri, na katika mwingine kichwa hutaka kupanda juu ya udongo na kujikokota chenyewe, kikaenda haraka kuliko winchi inavyovuta. Waya hulegea, kichwa huupanda, na waya hukatika. Wengi hubadilisha waya kwa wenye nguvu zaidi, jambo lisilosaidia; breki ya winchi ya upande unaoachwa ndiyo ikazwe, ili chombo kisikimbie.

Sakafu ikipimwa na kukutwa haiko sawa, umbo la kasoro hutaja chanzo. Matuta yenye umbali uleule kati yao maana yake chombo kinapiga hatua ndefu mno kwenye nguzo zake kulingana na urefu wa kichwa. Kasoro ya upande mmoja wa mkato hutokana na nanga inayoburuta upande huo, au chombo kilicholala ubavu kwa sababu ya mafuta yasiyosawazishwa matangini. Ngazi zinazopanda na kushuka kwa kufuata saa ni maji kujaa na kupwa. Mombasa na Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti ya maji huzidi mita 3, na opereta anayeuacha mkono katika pembe moja kwa saa 6 atachimba kina tofauti asubuhi na adhuhuri hata kama mashine zote ni nzima. Kosa likiwa dogo wakati wa maji mafu na kubwa wakati wa bamvua, huna haja ya ushahidi mwingine. Kagua kipimo cha maji kilichopo gatini na saa ya kompyuta inayokisoma.

Meli zenye tangi

Hizi hutumika kwenye lango la bandari ambako meli hupita, kwa kuwa hazihitaji nanga wala bomba linaloelea. Dalili yake kuu ni moja: pampu inafanya kazi, tangi linajaa, lakini meli haizami kwa kadiri inavyotakiwa. Imejaa maji.

Kwanza tazama mwendo. Kuchimba hufanywa kwa noti 2 hadi 3 (maili za baharini kwa saa), na zaidi ya hapo kichwa kinachokokotwa huparaza juu ya mchanga. Wakati wa kusi, mawimbi marefu humwinua na kumshusha nahodha pamoja na meli yake, na kama kifaa cha kufidia mwinuko kimewekewa presha kubwa mno, kichwa huning'inia badala ya kulala sakafuni. Punguza presha hiyo kwa hatua ndogo huku ukitazama kipima msongamano. Mchanga ukiwa laini sana, sehemu yake kubwa hutoka tena pamoja na maji ya ziada. Hapo kuendelea kujaza baada ya muda fulani hakuongezi mzigo, na wingu la matope linalotoka huenda kutua kwenye matumbawe ya jirani.

Meli ikianza kuinuka yenyewe baada ya kupakia, milango ya chini inavuja. Andika mzamo, yaani kina ambacho meli imezama majini, wa mbele na wa nyuma mara tu pampu inaposimama, kisha tena baada ya nusu saa, maji yakiwa yametulia na bila kuhamisha mafuta wala maji ya uzani. Mzamo ukipungua, jiwe au waya umebanwa kwenye sili ya mlango mmojawapo. Nenda mahali pa kumwagia, fungua milango yote, osha kingo zake kwa maji ya presha, funga, na upime tena. Mzamiaji aitwe iwapo njia hiyo imeshindikana, na asiingie majini mpaka mfumo wa kuendesha milango umefungwa kwa kufuli na nahodha ametia saini kwamba umefungwa.